Shajara ya mradi: kuwafungia mlango wafuatiliaji wa mtandaoni

Jumamosi, 6 Septemba 2025: kupima kabla ya kugusa chochote

Mwezi uliopita nilisoma kurasa chache kuhusu ugonjwa wa figo, kwa sababu mtu wangu wa karibu alikuwa anasubiri majibu ya vipimo. Sikumwambia yeyote nyumbani. Siku kadhaa baadaye mama aliazima kompyuta yangu asome habari, na pembeni mwa habari za mpira kulikuwa na tangazo la dawa za figo, chini yake jingine la aina hiyo hiyo. Akanigeukia, akauliza taratibu, "Mwanangu, unaumwa?" Swali lile ndilo lililoanzisha mradi huu. Siri haikuwa yangu, na si mimi niliyeitoa.

Lengo ni kupunguza idadi ya kampuni zinazojua ninasoma nini, bila kufika mahali ambapo intaneti haitumiki tena. Chombo ni kizuizi cha maudhui, yaani kiendelezi cha kivinjari kinachokagua kila kitu ambacho ukurasa unataka kupakua na kukataa visivyotakiwa. Naandika kila hatua ili atakayeirudia kazi hii asipoteze muda nilioupoteza mimi.

Kazi ya leo ilikuwa kupima tu. Ukibonyeza F12 zana za wasanidi zinafunguka, na kichupo cha mtandao kinaorodhesha kila ombi linalotumwa na ukurasa. Nilichagua tovuti kumi ninazofungua kila siku, kwenye Chrome niliyoizoea. Kosa la kwanza lilikuja hapo hapo. Ukurasa mmoja wa habari ulionyesha maombi 88, nikaandika, nikaendelea na tovuti nyingine. Nilipourudia baadaye ukaonyesha idadi tofauti kabisa, ndipo nikagundua kwamba kivinjari kilikuwa kinatumia faili za akiba kilizokwisha kupakua siku zilizopita. Nilizima akiba, nikarudia zote kumi: ukurasa ule ule ukafikisha maombi 263, na niliposhuka mpaka chini kabisa yakapita 300. Kwa hiyo pima akiba ikiwa imezimwa, shuka mpaka mwisho wa ukurasa, na rudia mara tatu, kwa sababu matangazo hubadilika kila unapofungua.

Kati ya maombi hayo 300 na ushei, yaliyokwenda kwa tovuti yenyewe hayakufika 60. Mengine yalitawanyika kwenye vikoa 41 (yaani majina ya tovuti) ambavyo sijawahi kuvifungua kwa hiari yangu.

Nilichukua ombi moja nilitazame vizuri. Lilikuwa la picha yenye upana wa pikseli 1 na kimo cha pikseli 1, isiyo na rangi, isiyoonekana. Picha hiyo haikuwekwa ili itazamwe. Imewekwa ili kivinjari kiende kuichukua, na kikienda kinabeba kidakuzi, yaani faili dogo ambalo tovuti huliacha kwenye kivinjari, chenye namba yangu, huku anwani ya ukurasa ninaousoma ikiwa imeandikwa ndani ya kiungo cha picha yenyewe. Namba ile ile, herufi kwa herufi, niliikuta tena kwenye tovuti ya hali ya hewa na kwenye kamusi. Lou Montulli alipobuni vidakuzi mwaka 1994 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, vilikusudiwa kuisaidia tovuti imkumbuke mgeni wake. Hapa aliyekuwa ananikumbuka ni mtu ambaye sijawahi kubisha hodi kwake.

Gharama: saa tatu, moja na nusu ikiwa imepotea kwa sababu ya akiba.

Jumapili, 7 Septemba: kuchagua kizuizi, na kosa la kuweka vitatu

Nilidhani kufuli tatu ni bora kuliko moja, nikaweka vizuizi vitatu kwa mpigo. Ndani ya saa moja tovuti mbili zikaniambia nizime kizuizi changu kwanza, na ya tatu ikawa nyeupe tupu. Sababu niliipata nilipovizima kimoja kimoja. Kizuizi kizuri hakikati tu. Mara nyingine hukata skripti (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya ukurasa) ya mfuatiliaji na kuweka mahali pake skripti tupu isiyofanya lolote, ili ukurasa usijue kilichotokea. Kizuizi cha pili kikija juu yake kikakata bila kuweka mbadala, ile kazi ya kwanza inaharibika. Weka kimoja tu.

Kipi? Hapa sikutaka kukurupuka. Kiendelezi cha aina hii kinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote, na bila ruhusa hiyo hakiwezi kazi. Maana yake unamkabidhi mtu ufunguo wa nyumba nzima. Aprili 2018 AdGuard, kampuni inayotengeneza vizuizi, walitangaza kwamba wamekuta kwenye duka la Chrome vizuizi bandia vilivyopakuliwa na watumiaji zaidi ya milioni 20. Oktoba 2020 kizuizi kilichokuwa halali kabisa, Nano Adblocker, kilipouzwa, wamiliki wapya waliingiza humo msimbo wa kuchota data za watumiaji. Waliokuwa nacho hawakubonyeza chochote; sasisho lilijiweka lenyewe.

Nilichagua uBlock Origin. Raymond Hill aliianzisha mwaka 2014, msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPLv3, hapokei michango ya fedha, na hana mpango wa kuruhusu matangazo ya wanaolipa. Kiungo cha kupakulia nilikichukua kwenye ukurasa wa mradi wenyewe ulioko GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo, sikukitafuta kwenye injini ya utafutaji. Angalia jina: tovuti ya ublock.org haihusiani na mradi huu, ingawa jina linafanana.

Kisha nikakwama kwenye kivinjari. Mwaka 2025 Chrome ilimaliza kuviondoa viendelezi vya mfumo wa zamani. Katika mfumo mpya, unaoitwa Manifest V3, kiendelezi hakikagui tena kila ombi chenyewe. Kinakipa kivinjari orodha ya sheria mapema, kisha kivinjari ndicho kinachokata. Hill ametengeneza toleo jepesi la mfumo huo, uBlock Origin Lite, na kwa mtu asiyetaka kugusa chochote linatosha. Lakini udhibiti wa kukata au kuruhusu kila kikoa cha nje kwenye kila tovuti, ambao ndio niliouhitaji, haumo. Firefox bado inauruhusu. Nikahamia Firefox.

Kuhama kulichukua alasiri nzima: alamisho ziliingia vizuri, manenosiri nayo yakaingia, ila nililazimika kuingia upya kwenye kila akaunti. Pesa sikutoa. Uchovu nilitoa.

Jumamosi, 13 Septemba: wiki moja na mipangilio ya kawaida

Kizuizi kikiwekwa kinakuja na orodha zake za vichujio: za uBlock yenyewe, EasyList inayokata matangazo, EasyPrivacy inayokata wafuatiliaji, orodha ya Peter Lowe, na moja ya vikoa hatari. Sikubadilisha kitu kwa siku nne. Ukurasa wa habari uliokuwa na maombi 300 na ushei ukashuka hadi 74, na vikoa 41 vikabaki 9. Hakuna kilichoharibika. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue: kama ataishia hapa, atakuwa amepata sehemu kubwa ya faida kwa dakika tano za kazi.

Siku ya tano tamaa iliniingia. Nikafungua kichupo cha orodha nikaweka alama kwenye zote, pamoja na za lugha nisizozisoma kabisa. Mazao yake: kivinjari kilichelewa kufunguka, vitufe halali vikatoweka kwenye tovuti mbili, na nilipotaka kujua ni kichujio gani kimehusika nikawa natafuta sindano kwenye majani. Nikarudisha mipangilio ya mwanzo, nikaongeza orodha mbili tu nilizozielewa.

Ya kwanza ni AdGuard URL Tracking Protection. Hiyo inanyoa mikia ya viungo. Ukitumiwa kiungo kilichoishia na fbclid au gclid au utm_source pamoja na mlolongo wa herufi, mkia huo ndio unaoeleza umetokea wapi, na wakati mwingine unakutambulisha wewe hasa. Ukurasa unafunguka vile vile bila huo mkia.

Ya pili ni ya kuficha vibao vya vidakuzi, vile vinavyokuziba macho na kukuuliza kama unakubali. Ikaleta shida niliyoihangaikia jioni nzima. Tovuti moja kibao kilifichika vizuri lakini ukurasa ukagoma kushuka. Nikizungusha gurudumu la puku hakuna kinachosogea. Ukurasa ulikuwa umejifunga wenyewe ukisubiri nijibu kibao ambacho sasa hakionekani. Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye vichujio vyangu binafsi:

`tovuti.example##body:style(overflow: auto !important)`

Kumbuka pia kwamba kuficha kibao si kukataa. Tovuti haijapata jibu lolote kutoka kwako. Kinachokulinda ni ile EasyPrivacy inayokata maombi yenyewe.

Jumamosi, 20 Septemba: hali ya kati, na malipo yaliyokwama

Kuna hatua inayofuata, ambayo watumiaji wa uBlock Origin huiita hali ya kati. Badala ya kumkata mfuatiliaji anayejulikana kwenye orodha, unakata skripti na fremu (kurasa ndogo zilizopachikwa ndani ya ukurasa) zote za upande wa tatu, yaani zinazotoka kwenye vikoa visivyo vya tovuti unayoisoma, kisha unaruhusu zile tu ambazo ukurasa hauwezi kuishi bila hizo. Unaweka alama kwenye kisanduku cha mtumiaji mzoefu katika mipangilio, unafungua jedwali linalotokea kwenye dirisha dogo la kiendelezi, unageuza skripti na fremu za upande wa tatu kuwa nyekundu kwenye safu ya tovuti zote, halafu unabonyeza kufuli ili sheria zisipotee. Kwa maandishi ni mistari miwili:

`* * 3p-script block`
`* * 3p-frame block`

Siku ya kwanza ni kama umehamia mji mpya. Video hazichezi, ramani hazionekani, maoni hayafunguki. Kila tovuti niliitengeneza mara moja, na baada ya siku nne nikawa sishtuki tena.

Siku ya tano nikanunua kitu mtandaoni. Nilijaza namba za kadi, nikabonyeza kulipa, duara likaanza kuzunguka. Likazunguka. Baada ya dakika mbili nikapakia ukurasa upya, nikajaza tena, nikabonyeza tena. Duara lile lile. Simu yangu ikalia ujumbe wa benki: kiasi kimezuiwa kwenye akaunti. Sekunde chache, ujumbe wa pili, kiasi kile kile. Oda haikuwepo hata moja. Nilikaa kwenye simu na huduma kwa wateja dakika 40, na fedha ya pili ilirudi baadaye. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mradi huu, na ni ya kizembe, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Nilipotulia nilifungua daftari la maombi la kizuizi, lile dirisha linaloandika kila kilichopita na kila kilichokatwa, nikachuja yaliyokatwa tu. Ilikuwepo fremu moja kutoka kikoa nisichokijua. Ni fremu ambayo benki huitumia kumthibitisha mwenye kadi, pale unapoombwa kuingiza namba ya siri ya muda. Inakuja kutoka kwa mtu wa tatu, si dukani, na mimi nilikuwa nimepiga marufuku fremu zote za mtu wa tatu. Duka lilikuwa linasubiri jibu kutoka kwenye fremu isiyoweza kufunguka.

Marekebisho yangu ya kwanza nayo yalikuwa makosa. Kwa hasira nikageuza kikoa kile kuwa kijani, na kwa kuwa nilikuwa na haraka nikageuza na vingine vitatu vilivyokuwa jirani. Malipo yakapita. Jioni nikatazama daftari nikakuta wafuatiliaji wawili wanapita mlangoni bila kuulizwa, kwenye ukurasa ule ule wa malipo. Kijani maana yake ni ruhusu kila kitu, hata kile ambacho EasyPrivacy ingekikata. Kilichotakiwa ni kijivu. Kijivu kinaondoa marufuku yako ya jumla kwa kikoa hicho tu, lakini orodha za vichujio zinaendelea kufanya kazi. Tangu siku hiyo sijatumia kijani tena, na sheria zangu zote zinafanana na hii:

`duka.example uthibitisho.example * noop`

Na kabla ya kulipa popote, nikiwa bado sijafika kwenye kadi, narudisha tovuti hiyo kwenye mipangilio ya kawaida kwa mistari miwili:

`duka.example * 3p-script noop`
`duka.example * 3p-frame noop`

Duara likizunguka baada ya hapo, sipakii upya. Nafungua kwanza taarifa za akaunti kuona kama fedha imeshikwa. Kitufe kikubwa cha kuzima kizuizi kwa tovuti nzima kipo pia, lakini kinawarudisha wote, na mimi nimekiacha kiwe cha dharura.

Jumapili, 28 Septemba: kompyuta ya mdogo wangu

Nilimwekea mdogo wangu mpangilio ule ule, hali ya kati na yote. Sikumuuliza. Alhamisi usiku akanipigia: "Kaka, mwalimu katuma kiungo cha jaribio, kinafungua ukurasa mweupe, na limebaki robo saa." Nikamwelekeza kwa simu mpaka kitufe cha kuzima, jaribio likafunguka, akalimaliza kwa mbio. Sauti yake ilivyokuwa inatetemeka bado naisikia.

Siku iliyofuata nikamrudishia mipangilio ya kawaida, orodha zile za mwanzo na hakuna zaidi. Anazo kinga nyingi kuliko alizokuwa nazo, na hakuna anachotakiwa kutengeneza. Hali ya kati ni ya mtu aliyekubali mwenyewe kufungua daftari la maombi kila tovuti inapogoma. Usimwekee mwingine bila idhini yake.

Jumamosi, 11 Oktoba: wanaopenya

Wiki mbili hizi nimekuwa nasoma daftari la maombi kila jioni, nikitafuta kilichonipita. Nilichokikuta cha kuvutia zaidi ni kikoa kilichoonekana ni cha tovuti yenyewe: jina la tovuti, likitanguliwa na kijineno kifupi na nukta. Kwa macho ni mwenyeji. Kumbe katika mfumo wa majina ya vikoa jina hilo lilikuwa lakabu tu, linaelekeza kwenye seva za kampuni ya ufuatiliaji. Mgeni amevaa kanzu ya mwenye nyumba. Tangu toleo la 1.25 la mwaka 2020, uBlock Origin ikiwa ndani ya Firefox inaweza kuuliza jina halisi lililo nyuma ya lakabu na kulikata, kwa sababu Firefox inaviruhusu viendelezi kuuliza mfumo wa majina. Chrome haitoi nafasi hiyo. Hii peke yake ilinifanya nisijute kuhama.

Kingine hakikatiki. Tovuti ikichukua data zangu kwenye seva yake na kuzipeleka kwa wengine kutokea huko, kivinjari changu hakioni lolote. Nikiingia kwenye akaunti kwa jina langu, mwenye akaunti anajua ninachofanya ndani yake. Anwani yangu ya IP inaonekana kama kawaida. Programu za simu zina njia zake, hazipiti kwenye kivinjari. Firefox ya Android inakubali kizuizi hiki na nimekiweka, lakini kinalinda kivinjari hicho tu.

Halafu kuna alama za kivinjari: ukubwa wa skrini, fonti, lugha, saa za eneo, jinsi kadi ya picha inavyochora. Zikikusanywa zinaweza kukutofautisha na wengine bila kidakuzi. Nilijipima kwenye Cover Your Tracks, kipimo cha EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za kidijitali, kilichoanza mwaka 2010 kwa jina la Panopticlick. Kikasema nina kinga nzuri dhidi ya wafuatiliaji, lakini alama za kivinjari changu ni za pekee. Nikaongeza viendelezi vinne vya kuficha alama hizo. Nikajipima tena: bado ni wa pekee, na tovuti mbili za kazini zikaanza kunitoa kila baada ya dakika chache. Viendelezi vya namna hiyo mara nyingi vinakuongezea upekee, kwa kuwa ni wachache wanaovitumia. Nimevitoa vyote vinne. Nilichobakiza ni kupandisha kinga ya Firefox yenyewe hadi kiwango cha juu.

Gharama ya wiki hizi: kama dakika 15 kila jioni.

Jumapili, 2 Novemba: kupima tena, na faili ambalo karibu nilichapishe

Katikati ya Oktoba niliisafisha kompyuta na kuweka Firefox upya. Sheria zote za wiki nne zikaenda nayo. Nilikuwa sijahifadhi nakala, ingawa kitufe cha kuhifadhi kipo ukurasa wa kwanza wa mipangilio. Kuzijenga upya kulinichukua jioni tatu. Sasa nahifadhi nakala kila Jumapili.

Vipimo vya leo, tovuti zile zile kumi, akiba imezimwa, mara tatu kila moja: ukurasa wa habari una maombi 52, na vikoa vya nje ni 4, vyote nimeviruhusu mwenyewe na ninajua kazi yake. Kwa tovuti zote kumi, vikoa vya nje vimetoka 117 hadi 19. Ile namba yangu iliyokuwa inatembea kati ya habari, hali ya hewa na kamusi nimeitafuta, sikuiona.

Nilikusudia kubandika hapa faili langu zima la nakala ili anayetaka alichukue kama lilivyo. Nikalifungua kwanza kwa kihariri cha maandishi. Ndani, mstari baada ya mstari, yako majina ya tovuti nilizozitengenezea sheria tangu Septemba: benki yangu, hospitali, tovuti ya kazini, na zile kurasa za figo. Ni orodha safi ya maisha yangu, imepangwa kwa alfabeti. Nimelifuta kwenye rasimu. Ukihifadhi la kwako, liweke mahali unapoweka vitu vya siri, na usimtumie mtu hata akikuomba msaada.

Kinachoweza kunakiliwa bila hofu ni mistari miwili ya hali ya kati iliyoko kwenye tarehe 20 Septemba. Mingine kila mtu atajiandikia. Ingizo lijalo litahusu simu, nikishamaliza kupima programu zilizomo.

Mama jana ameazima kompyuta tena. Amesoma habari zake, akafunga, akasema tu kwamba siku hizi kurasa zinafunguka upesi.